Mtani Aliyekalia Mabomba

Mwanamkuu alizaliwa Ng'ambo, mjini Tabora, akakulia hapo hapo, na Kizaramo chenyewe hajui zaidi ya matusi mawili aliyoachiwa na babu yake, mfanyakazi wa reli. Lakini kwa Wanyamwezi anaochimba nao visima yeye ni Mzaramo, basi. Na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani. Ndivyo ilivyo tangu enzi za misafara, wapagazi walipokatiza Uzaramo na mizigo kichwani: mtani humwambia mwenzake lolote, humchukulia chochote, na anayekasirika ndiye mjinga.

Kazi yake ni kipimo. Shimo likishachimbwa, kabla halijavishwa mabomba, yeye hushusha chuma kirefu chembamba kinachoning'inia kwenye waya. Chuma kile hupapasa kuta za mwamba huko gizani, na kwenye kompyuta mstari hupanda na kushuka: hapa udongo wa mfinyanzi, hapa mwamba mzima, hapa mwamba wenye nyufa zinazopitisha maji. Mabomba yenye matundu yanatakiwa yakae kwenye nyufa. Ukiyaweka kwenye mfinyanzi, umewachimbia watu kisima cha uji. Na yakishazungushiwa kokoto na kufungwa kwa saruji, hayatoki tena.

Wachimbaji wanakiita chuma hicho mchi. "Mzaramo, leta mchi wako utwange!" Naye huwajibu kwamba babu zao walikula mihogo ya Wazaramo njia nzima na hawajashiba mpaka leo. Kazi inakwenda.

Siku ile kule Goweko haikwenda. Jilala, fundi mkuu wa mtambo, alikuwa amekutana na maji mapema, karibu na juu, akafurahi, akaamuru matundu yakae hapo. Mwanamkuu akashusha kipimo, akausoma mstari, akamfuata.

"Kaka Jilala, hapo juu ni mfinyanzi mtupu. Maji yapo, lakini yatakuja na matope, na pampu itakufa. Nyufa nzuri ziko chini zaidi."

Jilala akawageukia wenzake. "Mmemsikia? Kwao Pwani unafukua mchanga kwa kidole cha mguu, maji haya hapa! Leo anamfundisha Mnyamwezi mwamba."

"Sitanii. Njoo uone mwenyewe."

"Eti hatanii! Watani hawa wana mambo!" Wakaangua kicheko, wakaendelea kukaza mabomba.

Hapo damu ikamchemka. Angekuwa Mhaya au Mchaga, walau wangesema ngoja tuone. Yeye hata akitukana, tusi la mtani ni salamu. Akilia watacheka, akifoka watacheka zaidi. Na pale pembeni wanawake walikuwa wamekaa juu ya ndoo zao, wanawake wanaofukua maji mbugani na kuyagombea na ng'ombe, wakingoja kisima ambacho wanaume wazima walikuwa wanakiharibu huku wakicheka. Kisima kingine wasingekipata karibuni, na kila mtu alilijua hilo.

Basi akaliendea rundo la mabomba yenye matundu, akajifunga khanga kibwebwe, akalikalia.

"Nimeyachukua. Anayeyataka akomboe."

Jilala akacheka mpaka akajishika mbavu. Akamletea soda. Mwanamkuu akaikataa. Jilala akamvulia kofia yake, akamwekea miguuni. Mwanamkuu akaipiga teke. Jua likapanda, mtambo ukanguruma bure ukinywa dizeli, na kicheko cha Jilala kikaanza kukauka. Mwishowe akamsogelea, akamshika mkono ili amwinue.

Mama Benjamini, mwenyekiti wa kamati ya maji, akasimama. "Wee Jilala! Umeanza lini kumkasirikia mtani? Mtani akishika kitu, hukombolewa kwa anachotaka yeye. Au siku hizi si Mnyamwezi?"

Wanawake wakaguna. Jilala akaachia mkono.

"Haya, mtani. Unataka nini?"

"Matundu yakae chini, kwenye nyufa."

Yakakaa chini. Pampu ilipowashwa maji yalitoka na tope kidogo, kisha yakatakata, na vigelegele vikapigwa. "Mtani kiboko!" walisema. Jilala akaipamba hadithi ya jinsi makalio ya Mzaramo yalivyookoa kisima, akaisimulia mpaka mjini. Ule mstari kwenye kompyuta hakuna aliyeuliza ulisema nini. Mwanamkuu alirudi Ng'ambo na hasira zake zote, akalala bila kula.

Kisima kilichofuata kilikuwa Ipole. Jilala alitangulia na mtambo, na gari la vipimo likaagizwa lipitie kwanza kuchukua dizeli. Mwanamkuu alipofika, mabomba yalikuwa yameshazama ardhini na fundi alikuwa anaosha mikono.

"Leo nimekuwahi, mtani," Jilala akasema, meno yote nje. "Huna cha kukalia."

Wenzake wakacheka. Pampu ikawashwa. Maji yakaja mekundu, wakangoja, yakaja mekundu, wakangoja tena. Mzee Damas, mrina asali aliyetoa kiwanja chake kichimbwe kisima, akakinga kikombe, akakiweka chini mpaka kikatulia. Nusu yake ilikuwa tope.

"Dada, wewe si ndiye wa vipimo?" akauliza. "Ulipopima ulionaje?"

"Shikamoo, mzee. Hapakupimwa."

Jilala akamsogelea, akanong'ona huku akitabasamu kwa ajili ya watu. "Mtani, usiniaibishe."

"Mimi si mtani wako," Mwanamkuu akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye miti. "Wewe ni mtu uliyewanyima hawa maji kwa makusudi."

Hakuna aliyecheka. Mzee Damas akalimwaga lile tope, akainama kuugusa ukingo wa kisima kwa kidole, na saruji ilikuwa imeshakauka.