Maji ya Chini ya Bwawa Yamebadilika Rangi, na Mume Wangu Hataki Niseme

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali, maana mume wangu anafuata hii page na hata huwa anajifanya mshauri wa ndoa kwenye comments. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto wawili, na nimeolewa huku upande wa Kabazi. Kwetu ni Longonot. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akaniambia sijui thamani ya maji. Nimekua nikifuata punda na mitungi, tukioga kwa zamu. Nilipoolewa nikakuta mfereji uani, nilikuwa naufungua tu nisikie maji yakitoka.

Maji hayo yanatoka kwenye bwawa lililo juu yetu. Lilichimbwa na mzungu aliyekuwa na shamba hapa zamani, na tangu wazee wagawane ile ardhi, limekuwa mikononi mwa kamati ya kijiji. Ukuta wake ni wa udongo na umeota miti. Sijawahi kuona mtu yeyote akija kuukagua. Mwenyekiti wa kamati ni mume wangu. Nyumba yetu, ya mama mkwe na kanisa letu, zote ziko chini ya ukuta huo.

Sasa, hapo chini ya ukuta kuna mahali hapajawahi kukauka. Kiangazi kiwe kikali vipi, pale ni kijani tu. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Shosho, amepanda nduma, yaani magimbi, pale miaka mingi, na akina mama wengine wakamfuata. Tunapaita Baraka. Pasta mwenyewe amewahi kupaombea. Hakuna aliyejiuliza hayo maji yanapitia wapi mpaka yanafika pale. Mimi pia nimekula hizo nduma na chai na nikamshukuru Mungu.

Kiangazi kilichopita kilitubana vibaya. Mume wangu akaja na akili yake: pale kando ya ukuta ambapo maji yakizidi humwagikia, papangwe magunia ya udongo, ili bwawa lishike maji mengi zaidi. Vijana wakapanga, akina mama tukapika githeri, mwenyekiti akapigiwa makofi. Tangu siku hiyo hata salamu zake zilibadilika. Halafu mvua ikaja, na bwawa likajaa kuliko nilivyowahi kuliona.

Wiki jana nilienda kumng'olea Shosho nduma. Maji ya pale huwa safi, ukisimama ndani unaona vidole vyako vya miguu. Safari hii yalikuwa kama chai ya maziwa, na yalikuwa yanatoka kwa nguvu. Niliyachota kwa kiganja, yakaniachia udongo mwekundu. Udongo wa shamba la Shosho ni mweusi. Mwekundu ni ule wa ukuta. Nikaelewa ukuta unaliwa kwa ndani, nikakaa kwenye matope na kulia.

Nilimwambia mume wangu siku hiyo hiyo. "Baba Shiro, toa hayo magunia maji yapungue, na uite watu wa serikali waangalie hiyo ukuta."

"Mama Shiro, usinianze. Wakikuja hao watasema dam imwagwe yote. Halafu nani atapea watu maji, wewe?"

"Na ikipasuka?"

"Hiyo ukuta ilikuwa hapo kabla uzaliwe. Na ukipigia mtu simu, usirudi hapa. Enda kwenu Longonot ukatafute punda."

Yaani mtu niliyemzalia watoto ananirushia punda! Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa bwawa likipasuka hufanya nini. Lilipopasuka lile la majirani, tulizika watu. Nilienda kwa Shosho nikambembeleza tuhamie juu kwa shemeji mpaka mvua iishe. Alicheka akanishika mkono. "Msichana wangu, hiyo ni Baraka. Mungu hawezi niua na nduma zangu mwenyewe." Nampenda yule mama, na siku hiyo nilitamani kumbeba mgongoni.

Jumapili tulitoka kanisani nikakuta zizi liko wazi. Ng'ombe wote, hata mtamba mwenye mimba, wamepelekwa kwa shemeji, huko juu kilimani. Nikamuuliza mume wangu kwa nini.

"Huko nyasi ni mingi."

Nyasi, msimu wa mvua! Hapa kwetu nyasi zinafika magotini. Nilimkazia macho mpaka akainamisha kichwa.

"Ng'ombe zikihamishwa hakuna mtu anauliza," akasema polepole. "Nikihamisha watoto, kijiji yote itajua chairman anaogopa. Nipe tu muda kidogo."

Kumbe anajua. Wakati ananitukana alikuwa anajua. Nimeshindwa hata kumkasirikia vizuri, maana naye anaogopa kama mimi.

Nina dada anayeishi Kiamunyi, naweza kubeba watoto niende leo. Lakini Shosho hatoki, na majirani hawajui lolote. Nikipiga simu, ndoa yangu imeisha, na mifereji ikikauka kila mtu atasema ni yule wa Longonot aliyetunyima maji. Nikinyamaza, siwezi hata kumalizia hiyo sentensi.

Ninapoandika mvua imeanza tena. Shosho amepita sasa hivi na karai la nduma, anafurahi kwamba mwaka huu zimekuwa kubwa. Anasema tu zinamsumbua kuosha, anazisuuza na bado zinatoa maji mekundu. Mume wangu amesikia, akatoka nje kwenye mvua.

Wenzangu, nimefika mwisho, nipeni akili. Ng'ombe wetu wako salama. Watu je, niwafanyie nini?