Kilo Tatu za Binti Yangu

Kabla ya siku ile, binti yetu alikuwa ameshaugua mara nyingi sana, kwa hesabu yangu mimi. Alikuwa na miezi minane, na ndani ya miezi hiyo nilikuwa nimemkimbiza zahanati kwa kwikwi, kwa chafya mbili za mfululizo, na kwa kipele kimoja cha mbu shavuni. Daktari wa zahanati alinizoea. Akiniona navuka barabara na mtoto begani, aliweka kalamu chini na kuuliza, "Leo amepiga miayo?" Mke wangu aliacha kunisindikiza. Alisema anaona aibu.

Kwa hiyo ugonjwa wenyewe ulipokuja, mimi ndiye niliyesema si kitu. Ulikuwa msimu wa pamba, foleni ya wakulima imeshajipanga tangu alfajiri, na nilikuwa nafunga vifungo vya shati mke wangu aliponiambia, "Baba'ke, huyu hanyonyi."

"Meno hayo," nikasema.

"Ana joto."

"Meno yana joto." Nikatoka.

Niseme kidogo kuhusu kazi yangu, maana ndiyo iliyotufikisha tulikofika. Tangu nipate akili, pamba ya kwetu Bariadi ilinunuliwa na ushirika peke yake. Miaka ile soko likafunguliwa, yakaja makampuni ya watu binafsi, na kijijini kwetu yakawepo magulio mawili ya kununulia pamba yaliyotazamana kama majirani wasiosemeshana. Mimi nikaajiriwa karani wa mizani katika mojawapo. Nilikuwa na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki, ila zikiwa mbili mtu anaonekana karani kweli.

Mizani yenyewe ilikuwa ya kuning'inia, yenye uso wa duara, mshale na ndoano kubwa chini. Bosi alinikabidhi kwa mkono wake siku ya kwanza. Alikuwa amelegeza skrubu ya nyuma, kisha akachomeka kijiti cha kiberiti pembeni mwa sifuri ili mshale usishuke chini yake. Ukiitazama ikiwa tupu, mizani ilikuwa mwaminifu kuliko padri. Ukitundika mzigo, kilo tatu za kwanza zilipotea hewani.

"Hiki kijiti usikiguse," aliniambia. "Hizo ni kilo za gunia, vumbi na umande."

Nilijua ni wizi. Nisijifanye leo kwamba sikujua. Ila nilikuwa na mke, mtoto na kalamu mbili, na mkulima akilalamika nilikuwa na jibu langu tayari: "Mizani haina upendeleo." Nililisema kwa sauti ya mtu wa serikali. Nililipenda sana jibu lile.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimepima kama mikokoteni minne nilipomwona mke wangu anakuja barabarani, mtoto mgongoni. Hakuwa anatembea, wala hakuwa anakimbia. Alipita mbele ya gulio bila kunitazama, akaingia zahanati. Niliacha gunia la mtu linaning'inia nikamfuata.

Binti yangu alikuwa amelegea. Yule mtoto aliyekuwa hawezi kuona kalamu asiivute alinitazama kana kwamba hatujawahi kukutana. Nilimshika mguu nikauachia upesi, kwa joto lake.

Safari hii daktari hakutania. Alimtazama macho, akambonyeza tumbo, akasema ni malaria, tena kali, na itabidi sindano za kwinini. Alikuwa mtu wa utaratibu mno. Hata vidonge vya kichwa alivipanga mezani kwa rula.

"Ila kwinini inakwenda kwa kilo," akasema. "Nikizidisha nitamuumiza, nikipunguza homa itarudi na nguvu zaidi. Na mizani yangu imekwenda Sapiwi na watu wa chanjo."

"Kadiria tu, daktari," nikasema.

"Kwinini sikadirii." Kisha akatazama dirishani, ng'ambo ya barabara, uso wake ukachangamka. "Kumbe mizani tunayo."

Nilimwambia ile ni ya pamba. Akasema kilo ni kilo. Nikamwambia ni chafu. Akasema tutamfunga kwenye kitenge. Nikataka kumwambia jambo la tatu lakini mke wangu alikuwa ameshavuka barabara.

Foleni ikatupisha kwa heshima. Watu waliteremsha lile gunia nililoliacha, wakatusalimia, "Mwangaluka," wakatoa pole. Mbele kabisa alikuwa bibi mmoja aliyekuja na mkokoteni wa punda, ambaye jana yake nilikuwa nimemjibu lile jibu langu mara mbili. Yeye ndiye aliyeshika pembe za kitenge wakati mke wangu akizifunga kwenye ndoano.

Binti yangu akaning'inia pale palipokuwa pananing'inia magunia. Nilimwomba Mungu mtoto alie. Hakulia. Mshale ukapanda kidogo, ukasimama.

"Tano," daktari akasoma. Akafungua kadi ya kliniki, akarudi kwenye mizani, akarudi kwenye kadi. "Mwezi uliopita alikuwa nane. Mama, huyu mtoto mnampa nini nyumbani?"

"Ananyonya," mke wangu akasema. "Na uji wa karanga anakula. Jana tu alikula."

"Mtoto hapotezi kilo tatu kwa kuugua siku moja. Huu ni utapiamlo. Anatakiwa kulazwa Bariadi mjini, na wewe unatakiwa kuelimishwa."

Mke wangu alikuwa na sifa moja kijijini, ya kulea. Mtoto wetu alikuwa na mikunjo mapajani hadi wageni wakawa wanamfinya bila ruhusa. Alisimama pale mbele ya foleni nzima. "Mizani imekosea," akasema.

Bibi akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Mayu, mama," akasema taratibu, "mizani haina upendeleo. Karani hutwambia kila siku."

Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nilimsogelea daktari nikamnong'oneza, "Ongeza kidogo."

"Niongeze nini?"

"Kilo. Kuna upepo."

"Upepo unapunguza?"

"Wa hapa unapunguza."

Alinitazama kama alivyonitazamaga siku za kwikwi, akageukia karatasi yake, akaandika tano, akaanza kupiga hesabu ya dawa kwa mtoto wa kilo tano. Nilimwona anaandika. Ndani ya kitenge mkono wa binti yangu ukaruka, mara moja, kisha tena, mruko ambao haukuwa wa kucheza.

"Ongeza tatu," nikasema.

Sikunong'ona. Nadhani hata gulio la pili walisikia, maana karani wao aliinua kichwa.

"Mwondoeni," nikasema. Mke wangu alipomtoa, nilipanda kwenye gunia nikachomoa kile kijiti. Mshale ukashuka chini ya sifuri, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukatulia hapo mbele ya macho ya watu kama arobaini.

Punda akapiga chafya. Daktari alikata tano, akaandika nane, akapiga hesabu upya bila haraka, halafu akasema, "Twende," na tukavuka barabara sisi wanne. Mgongoni nilikuwa nasikia macho yale yananifuata.

Sindano ilipoingia, binti yangu alifungua mdomo akalia kwa hasira ya kutukana. Nami nikalia. Mke wangu peke yake hakulia. Alinitazama na kusema, "Umeniacha nikaonekana nilimnyima mtoto chakula," na baada ya hapo hakusema nami hadi siku ya tatu, homa iliposhuka na mtoto akaivuta kalamu ya daktari.

Nilirudi gulioni nikidhani nitapigwa. Bibi alikuwa amekalia gunia lake.

"Mtoto?"

"Amechomwa. Amelia."

"Wabeja," akashukuru, akashusha pumzi. "Kulia ni vizuri. Sasa leta bisibisi."

Nilikaza skrubu huku foleni nzima ikinielekeza, kaza, rudisha, kaza, mpaka mshale ulipokaa juu ya sifuri bila kushikwa na mtu. Nilidhani yameisha. Bibi akasema bado. Kuanzia atakapopona, akasema, binti yangu apimwe kwanza kila asubuhi kabla ya pamba, maana kilo zake zinajulikana kwa daktari. Karani wamemkataa, watamwamini mtoto.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi mke wangu, ambaye sasa hakukosa hata siku moja, alimleta mtoto, akatundikwa, foleni ikasoma kwa pamoja, "Nane," na kazi ikaanza. Alipofika tisa walimpigia makofi. Mikokoteni ya gulio la pili ikaanza kuvuka kuja kwetu.

Bosi alikuja mwisho wa mwezi, akakuta gulio limejaa na mtoto ananing'inia ndoanoni. Alinifukuza siku hiyohiyo. Karani mpya aliyemleta alikataa kupima mtoto wa mtu, foleni ikageuza mikokoteni ikahamia gulio la pili, ikaondoka na binti yangu akapimwe huko. Mimi nikarudi kulima pamba, na kalamu zangu mbili.

Kadi ya kliniki tunayo bado. Binti yangu ni mtu mzima, ana wa kwake, na kila akija kututembelea huitoa kabatini na kuonyesha pale penye tano iliyokatwa na nane juu yake.

"Baba, hapa ilikuwaje?"

"Malaria," humjibu. "Ilikuwa kali sana."

Mama yake huwa jikoni wakati huo, mgongo ametupa, anakoroga uji wa mjukuu. Hageuki.

"Ongeza tatu," husema.