Kiti cha Nyuma cha Mustang

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa msichana, fundi wa kushona viti vya magari hapa Rumonge, Selemani, muuza mawese, aliponiletea kazi. Gari lake lilikuwa Mustang: milango miwili, pua ndefu, farasi wa chuma mbele. Alilinunua Bujumbura kwa Mzungu aliyerudi kwao baada ya uhuru. Alipenda kusimulia habari zake: kwamba kule Amerika lilianza kuuzwa mwaka 1964, vijana wakaligombania, kumbe chini ya umbo lile la mashindano mna vyuma vya gari la kawaida la familia.

"Inatisha kwa sura tu, dada," alicheka. "Nishonee kiti ya nyuma, iwe ya kutoa na kurudisha. Na mapazia mazito ku madirisha."

Mapazia? Sikumuuliza. Alikaa uani kwangu siku mbili akingoja, nami nikashona huku moyo ukininong'oneza. Mbona kila Ijumaa anashika njia ya Kabonga, kule mpakani? Mbona hampakii mtu? Mficha uchi hazai, nikajisemea. Huyu ana lake. Sokoni, penye ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nikamwambia jirani kwa sauti ya mtu ajuaye: "Gari ile inabeba vitu."

Ulimi hauna mfupa; neno lile likazunguka soko zima. Ukaja mwaka wa sabini na mbili, ule tunaouita ikiza, yaani balaa, na watu walichukuliwa na askari kwa kutajwa tu. Askari walimsimamisha Selemani barabarani, wakachana mapazia. Ndani, kiti cha nyuma kimetolewa, na juu ya godoro palikuwa na mama yake, mguu umenyooka, haukunjiki. Alikuwa akimpeleka Kabonga kwa mganga wa mifupa.

Mama walimwacha. Selemani walimchukua, na hakurudi.

Wapo walioniambia angechukuliwa hata bila neno langu. Labda. Sijui, na kutojua huko ndiko ninakolala nako mpaka leo.

Nilikwenda kwa mama yake, nikakiri.

"Siku mbili alikaa kwako," akasema. "Mbona hukumuuliza, mwanangu?"

Hakunifukuza. Nilimpikia na kumwogesha mpaka Mungu alipomchukua.

Basi nisikilize. Shaka ikikuingia, ipeleke kwa mwenyewe kabla hujaipeleka kwa jirani. Ukikosa ujasiri wa kuuliza, huna haki ya kusema. Mungu akupe moyo wa kuuliza na kinywa kinachojua kufungwa, na jina lako lisitajwe kamwe na mtu asiyekujua. Amina.