Wanaume Waliotwanga Kiingereza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya misioni karibu na Kasongo, Bwana Direkta alinikabidhi chaki na onyo. Alikuwa Mwingereza mrefu asiyependa maneno mengi.

"Mwalimu, Bwana Inspekta wa shule atakuja. Kama watu hawa hawajue kusoma, utarudia kwenu Lusangi, kulima pamba."

Ninyi mliozaliwa juzi hamuijui pamba ya lazima, ile tuliyolimishwa na serikali ya wakoloni. Ilimzeesha baba yangu mapema, nami niliapa sitaishika.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha wanaume wazima, walimu wa kesho, kusoma maneno marefu ya Kiingereza. Kwanza tulilikata neno kwa silabi, yaani vipande vyake vya kutamka: ag-ri-cul-ture, ndilo kilimo. Kisha tulitafuta mkazo, ile silabi inayotamkwa kwa nguvu kuliko nyingine. Kiswahili chetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi wao wakakaza hapohapo kila neno, na Direkta akashika kichwa. Nikaazima kinu na mchi kwa jirani. Silabi nyepesi unagusa tu. Penye mkazo unatwanga kweli. Baada ya wiki mbili walisoma vizuri ajabu. Ila kwetu mwanaume hatwangi, kwa hiyo tulifunga madirisha.

Siku ya Inspekta kulikuwa na joto kali. Akafungua madirisha mwenyewe, na nje wamesimama wake wa wanafunzi, wamekuja kumtazama mgeni. Wanaume wangu wakakiangalia kinu kama hawajawahi kukiona. Hakuna aliyegusa mchi, na mkazo ukapotea tena. Inspekta akaanza kuandika. Niliogopa, nasema kweli.

Nikashika mchi mwenyewe. "AG-ri-cul-ture!"

"Mama yangu!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Mwalimu ameolewa! Leo atatwanga majani ya muhogo, atupikie sombe!"

Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega. Ndipo Yakobo, mwenye ndevu nyingi kuliko wote darasani, akainuka.

"Leta, mwalimu. Bibi yangu iko pale. Acha acheke."

Akatwanga, akasoma bila kosa. Wenzake wakapanga foleni.

Inspekta akafuta alichoandika. "Huyu abaki," akamwambia Direkta.

Nilibaki. Baadaye nikahamishiwa Kabambare, nikafundisha huko hadi nikastaafu. Vijana hunitania kwamba, katika nchi hii ya Kifaransa, maisha yangu yote nimezungumza Kiingereza na watu watatu tu. Ni kweli. Lakini tangu siku ile sikupanda hata mbegu moja ya pamba, na jambo hilo hunifurahisha kila ninapoamka.