Bibi Wankyo Apelekwa Kupumzika

Bibi Wankyo alipoambiwa kwamba Isaya anatupeleka kisiwani kupumzika, aliuliza amekufa nani.

"Hajafa mtu, Bibi," kaka yangu alisema kwenye simu, nami nimeishika sikioni mwa Bibi. "Tunaenda kuoga ziwani, kula samaki, kulala."

"Kwa nani?"

"Hotelini."

"Na hapo hotelini kuna ndugu yetu gani?"

Isaya alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mwanamke aliyeamka gizani maisha yake yote kukamua ng'ombe na kupalilia pamba, hawezi kuelewa kwa nini mtu aache nyumba yake aende kulala kwa watu asiowajua. Basi akafunga safari kwa namna anayoijua yeye. Akavaa kitenge cha kanisani, akafunga unga wa mtama kwenye kitambaa, akamkamata jogoo akamfunga miguu. Kwa watu hapaendwi mikono mitupu.

Lazima nieleze nyumba yetu, maana hata wifi yangu Prudence, mke wa Isaya, alieleweshwa mara tatu na bado anachanganya. Bibi hakujaaliwa mtoto. Mumewe, mzee Makongoro, alipofariki, shemeji zake walianza kuupima mji wake, nyumba na shamba lote, kwa macho. Bibi akatoa ng'ombe, akamwoa mama yetu, Matrida, kwa ile ndoa ya kwetu inayoitwa nyumba ntobhu: mwanamke anamwoa mwanamke, ili nyumba isiyo na watoto ipate watoto. Mama akamzaa Isaya, kisha akanizaa mimi, Diana. Padri alinung'unika sana lakini akatubatiza. Sisi ni watoto wa nyumba ya Makongoro, na mwanamume aliyetuleta duniani hatajwi. Hana haki kwetu wala sisi kwake. Yote hayo yalifanyika ili siku Bibi atakapokufa awepo mtoto wa kiume wa kutupa udongo wa kwanza kaburini na kubaki na ule mji. Mtoto huyo ni Isaya.

Tulipanda boti Musoma asubuhi, ziwa limetulia. Bibi alikaa mbele na kina Isaya, jogoo wake mapajani. Mama alinivuta nyuma karibu na injini, ili sauti yake ifie pale pale.

"Diana, usishtuke. Isaya amempata."

"Nani?"

"Baba yenu. Anaitwa Hezron. Anakaa hukohuko kisiwani. Jioni atakuja kula na sisi."

"Nani amemwambia Isaya jina lake?"

Mama aligeukia maji. Nilimtazama, amejipaka mafuta mpaka shingo inang'aa, amevaa gauni ambalo sijawahi kuliona, nikapandwa na hasira ambayo sikuwahi kumwonea mama yangu mzazi.

"Bibi anajua?"

"Isaya atamwambia mwenyewe. Akishapumzika kidogo."

Kumbe ndiyo mapumziko yenyewe. Unampeleka mzee wa watu katikati ya maji, mahali asipoweza kuondoka kwa miguu yake, ndipo umwambie.

Hoteli ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Vibanda vya makuti kati ya majabali makubwa, mchanga msafi, viti virefu vya kulalia vimepangwa vikitazama ziwa. Msichana wa mapokezi alikabidhiwa jogoo, akabaki amemshika mbali na sketi yake, hajui amtie wapi. Bibi alimwambia asimchinje leo, asubiri wageni wazoee.

Kiti kirefu Bibi alikikataa. "Hii ni kitanda ya mgonjwa," alisema, akakaa mchangani, miguu ameinyoosha, mgongo ameupa ziwa. Watoto wawili wa Isaya walikuwa majini wanapiga kelele, Prudence anawapiga picha. Bibi alijaribu kutulia. Dakika chache tu, mkono wake ukaanza kuokota majani makavu. Akaokota vifuniko vya soda, akaokota vijiti, akasogea kidogo kidogo mpaka akawa ameisafisha ile sehemu yote, na mfanyakazi wa hoteli akaja kumsihi aache.

"Sasa nifanye nini?" alimuuliza.

"Pumzika, Bibi."

"Nimekwisha pumzika."

Aliponiona nimejifunga taulo, akapata la kusema. "Yule Msukuma wako wa Bunda, Ngusa, akija na wazee wake nitamwambia nilikuona unatembea hivyo mbele za watu." Ngusa alikuwa ameahidi kuleta posa pamba ikishauzwa, na Bibi alimpenda kuliko alivyokubali kuonyesha. Nilicheka, nikajisikia vibaya kwa kucheka. Nikaenda kumtafuta Isaya.

Nilimkuta nyuma ya vibanda, anatembea huku na huku kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

"Kaka, mrudishe huyo mtu alikotoka kabla Bibi hajamwona."

"Nimechoka, Diana. Kazini Mwanza wananiita mtoto wa wanawake wawili. Mwanangu ananiuliza babu yake yuko wapi. Nimwonyeshe kaburi la mzee aliyekufa kabla mimi sijazaliwa?"

"Ndiyo. Mwonyeshe hilo hilo."

"Watoto wangu watachukua ukoo wa Hezron. Na mimi pia. Nimeshaamua."

"Na Bibi?"

"Bibi nitamtunza. Chakula, dawa, kila kitu. Hatakosa."

Nikamwambia Bibi hakuoa mke ili apate dawa. Akanigeuzia mgongo. Isaya hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, maana mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Jua lilikuwa limeshuka lakini bado linachoma pale Hezron alipotokea, anakuja kwa miguu ukingoni mwa maji, amebeba samaki wawili wakavu kwenye mfuko. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alitembea mwendo wa Isaya, bega moja chini, na nilipomwangalia usoni nikauona uso ninaoukuta kwenye kioo changu. Mama alijifuta midomo kwa kiganja. Isaya alisimama mbele ya Bibi, amejiandaa kabisa.

"Bibi, kuna mtu nataka nikutambulishe..."

"Hezron," alisema Bibi. "Umezeeka."

Yule mzee akapiga goti mchangani. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Matofali unafyatuaga bado?"

"Niliacha, Mama. Mgongo."

Isaya alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Bibi akamwangalia kwa huruma, kama anavyomwangalia mtoto aliyemwaga maziwa.

"Wewe ulifikiri mama yako alimwokota njiani? Mimi ndiye nilimchagua. Alikuwaga anafyatua matofali pale kwetu, nikamtazama masika nzima. Halewi, hapigi ng'ombe, haongei ovyo. Nikamwambia mke wangu, huyu hapa. Na yeye akakubali hatadai kitu. Si ndiyo, Hezron?"

"Ndiyo, Mama. Mimi sijadai. Kijana ndiye amenitafuta."

"Nimeona." Bibi akamgeukia Isaya. "Umemtafuta ili iwe nini?"

Isaya aliinamisha kichwa. Hotuba yote ilikuwa imemtoka. "Nataka kuwa na baba, Bibi. Na watoto wangu wawe na ukoo."

"Ukoo mnayo."

Watoto walikuwa wametoka majini, Prudence amewafunika taulo, nao wametukodolea macho.

"Isaya," Bibi alisema, "nikifa, udongo ya kwanza atatupa nani?"

"Bibi, tusiongee mambo ya kifo hapa. Tutakuja wote. Mimi, Prudence, watoto, na Mzee Hezron. Tutakuja tukuzike vizuri, kwa heshima zote."

"Mtakuja," alisema Bibi.

Alisema taratibu, bila hasira, na nikaona uso wake umeshuka kama wa mtu aliyepewa majibu ya hospitali. Isaya hakuelewa. Mimi nilielewa, na mama yangu alielewa, kwa sababu alianza kulia. Wanaokuja msibani ni majirani na wakwe. Mtoto wa nyumba haji. Anakutwa pale, ndiye anayewapokea wanaokuja.

Hezron aliuweka mfuko wa samaki chini, akaomba ruhusa, akaenda zake bila kula. Isaya akamkimbilia. Mama akaenda kukaa mbali kwenye jabali, na hakuna aliyekwenda kumbembeleza, hata mimi.

Nikabaki na Bibi.

"Diana."

"Abee, Bibi."

"Ng'ombe zangu zimebaki kidogo, lakini zinatosha. Ni zako. Tafuta msichana mpole umuoe, azae kwenye ile nyumba."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Bibi, Ngusa anakuja wakishauza pamba."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza leo. Ukishaolewa kwao, hutakuwa wa kuoa kwetu." Akaniangalia. "Sikulazimishi. Nakuuliza."

Nilimchukia Isaya wakati ule. Nilimchukia na mama, na kisiwa, na wale watalii wa kibanda cha jirani waliokuwa wanacheka kwa sauti. Nilimpenda Ngusa. Nilikuwa nimeshaona nyumba anayotujengea kule Bunda, imeezekwa, imebaki milango. Nikafungua mdomo nimwambie Bibi asiwe na wasiwasi, hata nikiolewa nitakuwa nakuja kila mwezi kumwona, nikalisikia lile neno la Isaya, kuja, limefika ulimini, nikalimeza.

"Nitatafuta, Bibi," nilisema.

Hakunishukuru. Aliitika kwa kichwa tu, akaanza kukung'uta mchanga kwenye kitenge chake, akaniuliza boti ya kurudi inaondoka saa ngapi. Nikamwambia boti yetu ni ya Jumapili, na leo ndiyo kwanza siku ya kwanza. Akakaa tena chini. Nami nikakaa karibu naye, simu mkononi, nikitafuta maneno ya kumwambia Ngusa asiwasumbue wazee wake.