Mchwa, Moshi na Mzigo wa Mama

Mama alikuja mjini na nyumba yake juu ya punda. Nasema nyumba, sisemi vyombo: fito zake zilizopindwa, mikeka yake, kamba zake za ngozi, vyote vimefungwa mzigo mmoja mrefu. Kaka yangu aliyemleta kutoka malishoni upande wa Rapsu aliushusha, akauegemeza kwenye ukuta wangu katika mtaa wa Wabera, akanywa chai, akarudi. Nikamwambia mama tuufungue, ile mikeka itafaa kulalia. Akanitolea macho. Akasema hakuja kuhamia, amekuja kutibiwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Kifua kikuu kilitibiwa kwa sindano, na daktari alituambia wazi: zaidi ya mwaka mzima, bila kuruka. Akiacha katikati, ugonjwa utarudi na nguvu zaidi. Kule kwa mifugo hakukuwa na zahanati ya karibu, kwa hiyo mimi nilijua jambo moja tu: mama akikaa kwangu atapona, akirudi atakufa. Yeye naye kila nyumba yangu ilipomuudhi alikuwa akiutazama ule mzigo.

Na nyumba yangu ilimuudhi kila siku. Kwetu Waborana, nyumba ni kazi ya mwanamke na ni mali yake. Anaijenga yeye, anaifungua yeye, anaipakia na kuisimamisha tena kwenye malisho mapya, na mume akileta ugomvi, anayelala nje ni mume. Mimi niliolewa na dereva wa lori, tukapata ploti, nikamwachia fundi kutoka Meru anijengee nyumba ya udongo na mabati huku nimekaa napika chai. Mama aliuliza ni nani aliyejenga. Nilipomjibu, alinitazama kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Tena nilikuwa na maringo, sifichi. Kuta nilizipaka chokaa, moto nikaupiga marufuku ndani, jiko likawa kibanda cha uani. Mama aliuliza usiku tunaota moto wapi. Nikamwambia watu wa mjini hawalali na moshi. Bahati yangu daktari naye aliniunga mkono, maana hakutaka moshi wowote karibu na kile kifua.

Asubuhi moja mlango ulikataa kufungwa. Nikupe shauri hapa hapa, kama unajenga: mlango uliofungika vizuri mwaka mzima ukianza kusugua chini, usikimbilie kuuranda. Mlango hauna kosa. Sisi tuliuranda. Mume wangu alipunguza mbao kidogo, akajisifu siku nzima, na wiki mbili baadaye ukakwama tena. Ndipo mama alipoinuka na fimbo yake, akaanza kugonga nguzo za ukuta moja moja, sikio kwenye udongo. Ya kwanza ililia ngumu. Ya pili ililia kama debe tupu. Akabandua udongo kwa kucha, akasukuma kidole, na kidole kikazama ndani ya mti mpaka kwenye pete. Ndani mlikuwa na vijia vya udongo mkavu na mchwa weupe wanaokimbia mwanga.

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Wakati wa kujenga, fundi alikuwa ameniuliza kama hapa kwetu kuna mchwa. Nilimjibu bila kusita kwamba hakuna. Na sikumdanganya! Maisha yangu yote sikuwahi kuona mchwa akimaliza nyumba, kwa sababu nyumba zetu zilihama kabla hajafika, na muda wote zilipokaa, zilikaa ndani ya moshi. Mchwa alikuwapo siku zote, ila sisi hatukuwahi kumngoja. Basi fundi aliniamini, akachimbia nguzo mbichi na maganda yake, bila kuzipaka kitu.

Tulimwita. Alikuwa mtu mwaminifu, akakagua, akatikisa kichwa. Upande wote wa mashariki umeliwa, akasema. Tubomoe, tungoje mvua zipite, tuanze upya. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki chache. Mama alipoelewa yanayosemwa, hakubishana. Alimtuma mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akielekea kwetu ampelekee kaka yangu salamu, aje na punda.

Nililia, nikalia kwelikweli, nimejifungia kwenye kile kibanda cha jiko. Nikatoka na hasira, nikamwambia mama anakwenda kufa makusudi na ananifanya mimi niwe shahidi. Nilisema mengine ambayo binti hamwambii mama yake. Yeye alikuwa anatazama dari. Halafu akauliza fundi alitumia neno gani, lile la kuangusha nyumba.

"Mwambie nyumba haiangushwi," akasema. "Inafunguliwa. Mti mmoja, halafu mwingine."

Nilimtafsiria fundi, nikaruka yale mama aliyoongeza kuhusu mikono ya huyo fundi. Fundi akauliza kwa heshima mama mzee amejenga nyumba ngapi. Mama akajibu aulizwe yeye kwanza, amejenga ngapi zikasimama. Hilo nililitafsiri lote. Fundi akacheka, akavua koti.

Tulifanya hivi, na mpaka leo ndivyo ninavyowaambia watu. Hatukugusa paa. Mume wangu alileta jeki ya lori na magogo mawili yenye panda, tukaiinua kidogo tu, upana wa kidole, boriti inayobeba mabati. Tukachomoa nguzo moja iliyooza, tukaweka mpya, tukashusha, ndipo tukahamia ya pili. Ukiwa na pupa ukachomoa mbili pamoja, ukuta unakuinamia. Nguzo mpya zilikuwa za mtarakwa, mti mgumu ambao fundi aliuleta kutoka milimani. Tulizimenya maganda, tukachoma ncha za chini mpaka zikawa makaa kwa nje, tukazilaza kwenye oili chafu ya gereji siku mbili. Shimoni tukatia mawe na majivu, si udongo. Mama alikaa juu ya debe, akikohoa na kuamuru. Kila asubuhi nilimpeleka sindano, na kila tuliporudi alitangulia kwenda kugusa nguzo kabla ya kunywa uji.

Sikujidanganya. Alikuwa anapenda kazi, lakini mzigo wake ulikuwa pale pale, na kamba hazijalegea.

Siku ya sita fito zikatuishia. Fito ni zile za kulala, zinazofungwa kwenye nguzo ili zishike udongo, na za zamani zilikuwa zimegeuka unga. Fundi alisema atazifuata Meru, atarudi baada ya siku tatu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika na kaka yangu alitarajiwa wakati wowote. Nilienda kuteka maji nikiwa nimekata tamaa, najipangia nitakavyoficha punda wa watu.

Niliporudi, mama alikuwa ameketi chini na kisu, na mzigo umefunguka. Fito zake zilikuwa mbele yake, nyeusi tii, zinang'aa kwa moshi wa miaka. Mchwa hagusi mti kama huo. Niliokota mmoja. Ulikuwa na alama ya kisu ambayo niliichonga mwenyewe nilipokuwa mdogo nikachapwa. Nikakaa chini kando yake.

"Mama, hii ni nyumba yako."

"Ndiyo," akasema. "Ifunge vizuri."

Tuliifunga sisi wawili, kwa kamba zake za ngozi, na fundi, ambaye hakuwa na haja tena ya kwenda Meru, akitupisha. Fito zilikuwa zimepinda, kwa hiyo ukuta ule ulitoka na kitambi na haujawahi kunyooka. Fundi alitaka kuukandika wote siku ile, mama akakataa. Tulikandika mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la udongo, tukauacha ukauke na kupasuka upendavyo, halafu wa pili tukauchanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, ukaziba nyufa zote. Usiogope nyufa za kwanza. Mtu wa kupaka chokaa ndiye anayeziogopa, kwa sababu anataka kumaliza leo.

Kaka yangu alifika ukuta ndio kwanza umekauka. Alitoa salaam aleikum, akamfunga punda, akauliza mzigo wa mama uko wapi ili aupakie mapema kabla ya mvua. Mimi nilisimama na birika mkononi, sikuthubutu kumimina.

Mama hakuinuka. Alinyoosha fimbo akaugonga ukuta wenye kitambi, ukalia mgumu.

"Uko humo ndani," akasema. "Ukiweza kuutoa, tutaenda."

Kaka yangu aliutazama ukuta, akanitazama mimi. Akaketi akanywa chai yake taratibu. Jioni akaondoka, na punda akatangulia mbele yake mgongo mtupu.