Mtungi wa Saa Tano

Baba alivuta vumbi la pamba kiwandani kwa miaka mingi. Alipostaafu, pumzi haikumtosha kutoka kitandani hadi uani. Daktari akasema anahitaji oksijeni kila siku.

Miaka ile ya soko huria, duka moja mjini Mwanza lilikuwa limeanza kuleta vifaa vya hospitali vilivyotumika Ulaya. Tungeweza kununua kimoja tu: mashine ya kukaa nyumbani inayotumia umeme, au mtungi mdogo wa magurudumu, wa kujazwa mjini.

Mimi nilihofia mgao wa umeme. Kwa wiki mbili niliandika kwenye daftari kila saa umeme ulipokatika. Baba hakuhitaji daftari.

"Mashine itanifunga kama mbuzi," alisema. Dada yake mkubwa alikuwa mgonjwa Sengerema, naye alitaka kumwona kwa macho yake.

Mwenye duka akatuazima mtungi na mpira wake wa puani tuujaribu siku moja. Ukijaa, alisema, unakwenda saa tano. Nikapiga hesabu: kivuko hadi Kamanga, gari hadi Sengerema, saa moja kwa shangazi, kisha kurudi. Saa nne na nusu.

Sikuhesabu salamu.

Kivukoni Mwanza tulikutana na mzee aliyefanya kazi na baba.

"We bwana! Wamekutia kamba puani kama dume la kulimia?"

"Na anayenilimisha ni huyu binti yangu."

Wakacheka, kisha wakaanza: nyumbani je, watoto, ng'ombe, mvua. Baba alijibu kila swali, akipumzika katikati. Nilimvuta mkono, akanitazama kana kwamba nimetukana mtu. Kivuko kikaondoka bila sisi. Cha pili kilichukua saa nzima kufika, na abiria wakaja mmoja mmoja kumwamkia.

Tulipofika kwa shangazi, mshale wa mtungi ulikuwa chini ya nusu. Nikaomba tuondoke baada ya robo saa. Shangazi hakuachia mkono wa baba. Niliutoa mimi, kidole kwa kidole.

Kurudi, nilipandisha vioo vya gari. Tukingoja kivuko Kamanga, mama mmoja akapiga goti karibu na dirisha: "Shikamoo baba."

"Amelala," nikasema.

Macho ya baba yalikuwa wazi. Mama yule aliyaona, akainuka polepole. Kivuko kilipokaribia Mwanza midomo ya baba ilikuwa ya kijivu, na mshale umegusa nyekundu. Nilihesabu pumzi zake hadi mlangoni kwa mwenye duka, akaunganisha mtungi mwingine.

Rangi iliporudi, baba akasema, "Chukua ya umeme. Wenye salamu watakuja nyumbani."

"Na umeme ukikatika?"

"Nitabanwa pumzi. Lakini sitanyamaza mbele ya mtu aliyeniamkia."